Komredi Aliyesimama Mlangoni

Kwanza niseme wazi kwamba yule mzee sikumwelewa. Tulikaa naye mlango kwa mlango, ghorofa ya saba, Tottenham, tangu mimi nina miaka tisa nimetoka Unguja na baridi sijaizoea, na mpaka leo mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani nabaki nimefungua mdomo. Kwa hiyo anayetaka kujua alizaliwa mtaa gani na ukoo wao ni upi akaulize kwengine. Mimi nasema nilichokiona. Kama vitu vyenyewe vinagombana, si kosa langu, ndivyo alivyokuwa.

Jengo zima lilimwita Komredi. Wakongo wa ghorofa ya chini, Mturuki wa duka la kona, mama wa posta, wote Komredi. Na yeye aliwaita wote vivyo hivyo, hata ofisa wa kaunsili, wenye jengo, aliyekuja kumgombeza. Kwetu sisi ilikuwa tofauti. Babu alimwita "yule." Bibi alimwita "jirani," lakini kwa sauti ya chini, Babu akiwa msalani. Mama hakumwita chochote, kwa sababu Mama anafanya kazi ya kuangalia wazee wa watu, akirudi amechoka, hana nafasi ya ugomvi wa wazee wa nyumbani.

Alikuwa mkomunisti. Si kwa mzaha, wa kweli kabisa. Sebuleni kwake alitundika picha ya mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyingi, na mimi mara ya mwanzo nilipoiona nilimuuliza kama yule ni mkwewe, labda alioa Mzungu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema hakuoa, wala Mzungu wala Mswahili, hakupata nafasi. Nikamuuliza miaka yote hiyo alikuwa anafanya nini. Akasema, "Mikutano."

Siku tuliyokutana kwenye lifti, nami mgeni, nilimwamkia shikamoo kama nilivyolelewa. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi si bwana wako," akasema. "Niulize hujambo, nitakujibu."

Nikamuuliza hujambo. Akanijibu sijambo, akaniuliza skuli wananifundisha nini kuhusu watumwa, akanipa pipi ya mnanaa. Nilipomhadithia Babu, Babu alikasirika mara mbili: kwanza kwa kuwa nimemwamkia yule, na pili kwa kuwa yule hakuitikia. Nikaingia chumbani nikalia. Sikujua kosa langu ni lipi kati ya hayo mawili.

Wao wenyewe hawakupanda lifti moja. Aliyemkuta mwenzake mle ndani hugeuka akashika ngazi, na Babu alikuwa na magoti mabovu. Lakini sasa sikiliza. Lifti yetu huharibika kila mara, na anayeipigania ni nani? Komredi. Alikuwa akipiga simu kaunsili, akasubiri kwenye laini na kikombe cha chai mkononi, akifika kwa mtu anaanza upya tangu mwanzo, kwa Kiingereza cha redio, bila kupandisha sauti, mpaka fundi aje. Fundi akishaondoka, Babu anavaa koti, anapanda lifti hiyohiyo, anakwenda Edgware Road kunywa kahawa na wazee wenzake na kumsema Komredi mpaka jioni.

Niliwahi kumwambia Komredi hilo. Nilidhani ataudhika. Akasema lifti ni ya wote.

Kila kitu kwake kilikuwa cha wote. Ngazi, drili, kamba ya kuvutia gari, sindano ya kupigia mpira upepo, watu wote wa jengo waliazima kwake. Kwenye kibaraza chake alipanda mchicha na kunde kwenye ndoo za rangi, na wakati wa joto alizishusha chini kwenye majani ya kaunsili ili anayetaka achume. Watoto wakang'oa, mbwa wakakojolea, yeye akapanda tena. Lakini alikuwa na kiti kimoja cha mbao, kidogo, cha kukunja, kimeng'aa kwa kukaliwa, na kiti hicho mtu yeyote asikikalie. Mimi nilikaa siku moja bila kujua. Alisimama mbele yangu mpaka nikainuka. Nikamwambia, sasa Komredi, si ulisema vitu vyote vya watu wote? Akasema, "Vyote kasoro hiki." Nikamwambia hiyo si haki. Akasema, "Kweli, si haki," akakaa.

Ndivyo alivyokuwa. Unamshika kwa hoja, anakubali, halafu habadiliki.

Ijumaa ndiyo iliyonichanganya zaidi. Ijumaa alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, kofia ya kiua, akajifukiza udi, akatoka. Na msikitini haendi. Alikwenda sokoni kusimama na gazeti lake jekundu ambalo hakuna aliyelinunua. Siku ya Idd alikaa kwenye baraza ya jengo akawaambia watu wazima, mbele ya watoto, kwamba yeye dini hana, aliiacha ujanani. Nikamuuliza, kama dini huna, kanzu ya Ijumaa ya nini?

"Ijumaa ni siku watu wetu wanapendeza," akasema. "Nibaki mchafu peke yangu kwa nini?"

Nikamwambia hilo si jibu. Mimi sipendi mtu anijibu hivyo. Nimemaliza skuli, nimefundishwa kwamba suali likiulizwa linajibiwa. Yeye alikuwa akinijibu kama mtu anayekupa chai ulipoomba maji.

Sasa kisa cha mlango. Nimekisikia kwa watu watatu, na mimi nilidhani nikikusanya vipande vitatu nitapata kitu kizima.

Kipande cha Babu ni hiki. Wakati wa Mapinduzi walikuwa wamejifungia nyumbani kwao mjini, Babu kijana, Bibi bi harusi hata hina haijamtoka. Asubuhi akaja yule, kijana wa chama cha hao waliopindua, na bunduki, akasimama mlangoni kwao kutwa. Babu alimuona kutoka dirisha la juu, kofia na mtutu. Hakuna aliyetoka, hakuna aliyeingia. "Katufanya wafungwa ndani ya nyumba yetu wenyewe," Babu alikuwa akisema. Kisha baada ya miezi akarudi tena na wenzake, akasema nyumba hii ni kubwa na watu wake wachache, sasa ni ya umma. Wakatoka na masanduku. Babu hakuingia tena nyumba ile mpaka anakufa. Alikuwa akikihadithia kisa hiki akifika hapo anakwenda kufungua friji, anasimama, anaifunga, hachukui kitu.

Na huyo mtu, baada ya bahari zote hizo na miaka yote hiyo, ndiye Babu aliyemkuta mlango unaotazamana na wake siku anakabidhiwa flati yake na kaunsili. Alikwenda kuomba abadilishiwe. Ofisa akamuuliza sababu. Babu akasema jirani alichukua nyumba yangu. Ofisa akatazama kompyuta yake akamuuliza, nyumba namba ngapi? Babu akarudi nyumbani, akaweka amri: kwa yule haendi mtu, hapelekewi kitu, hapokelewi kitu. Na kwa sababu Babu ndiye aliyekuwa serikali, ikawa hivyo. Mimi nilikwenda kwa wizi.

Kipande cha Komredi ni kifupi. Nilimuuliza wazi, nina miaka kama kumi na nne.

"Ulisimama mlangoni kwa Babu na bunduki?"

"Nilisimama."

"Na nyumba mkachukua?"

"Tulichukua. Watu walikuwa wanalala wanane chumba kimoja. Ningechukua tena."

"Kwa hiyo Babu ana haki ya kukuchukia?"

"Anayo."

"Na wewe ulikuwa na haki ya kuchukua?"

"Ndiyo."

"Sasa haiwezekani wote wawili muwe na haki."

Akanisukumia kikombe. "Chai inapoa."

Jambo jengine alilosema, na hili alilisema akiwa anakunja gazeti, ni kwamba serikali ileile aliyoipigania ilikuja ikamtia ndani yeye mwenyewe. Kwa kosa gani? "Walinichoka." Alipotoka akaondoka, akaishia hapa. Alikasirika? Akasema hapana, alipungua uzito tu. Nikatoka kwake nimejaa maneno na sina hata moja la kuandika.

Kipande cha tatu kilikuja baadaye, na hakingekuja kabisa kama uongozi usingebadilika.

Babu alifariki mwezi wa baridi kali. Flati yetu ilijaa watu, wanawake chumbani, wanaume sebuleni, na viatu vyote nje kwenye korido, mlima wa viatu, mpaka mlango wa lifti. Ofisa wa nyumba akaja akasema viatu hivi ni hatari ya moto, viondolewe mara moja. Kabla sijatafuta la kusema, Komredi akatokea kwake. Alivaa kanzu na haikuwa Ijumaa. Akamwambia yule ofisa kwamba mtu amekufa, na kwamba njia itakuwa wazi. Kisha akainama, na umri wake ule, akaanza kuvipanga. Viwili viwili, vimeegemea ukuta, vya wanaume upande huu, vya wanawake upande ule, vya watoto mbele ili wasihangaike. Siku zote za matanga alikuwa hapo. Watu wakitoka wanavikuta viatu vyao vimewageukia, tayari kuvaliwa. Ndani hakuingia. Wanaume walipokuwa wakisoma, yeye alikuwa korido na kiti chake cha kukunja, ameketi karibu na viatu vya Babu ambavyo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuviondoa.

Mzee mmoja akitoka alinung'unika, huyu adui wa marehemu anatafuta nini hapa? Komredi alimpa viatu vyake tu, mkononi.

Bibi akaingia eda. Kwetu mjane anakaa ndani, hatoki, haonani na wanaume wa nje mpaka muda wake uishe. Na hapo ndipo serikali ilipobadilika. Bibi aliyekuwa akisema "jirani" kwa kunong'ona akakaa kwenye kochi la Babu, na nguo zake nyeupe, akatoa amri ya kwanza ya utawala wake. Alipika boko boko, ile ngano iliyopondwa na nyama. Akapakua sahani, akaifunika, akaniambia nipeleke mlango wa mbele.

Mama alikuwa anavaa viatu aende zamu. Akasimama na kiatu kimoja. "Mama, kwa yule?"

"Kwa jirani," Bibi akasema, kwa sauti kamili.

"Na Baba angesema nini?"

"Baba yako alisema alipokuwa anasema. Sasa naamua mimi. Chakula kinapoa, mtoto."

Nikapeleka. Komredi akaifungua, akaiangalia, akaifunika tena kama kitu kinachoweza kuruka. Hakusema asante. Kesho yake sahani ikarudi. Anajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na yeye kupika hajui, hata yai lilimshinda. Kwa hiyo aliijaza mchicha wa kwenye ndoo, umefungwa kwa uzi kama wa dukani. Hakuingia wala hakusubiri kufunguliwa, aligonga, akaiweka juu ya zulia la mlangoni, akarudi kwake akafunga. Nilikuwa nachungulia kwenye tundu. Sababu yake nilikuja kuijua pole pole: Bibi yuko eda, hafai kumuona. Nawaambia, mabinamu na mashemeji wa ukoo wetu waliingia na kutoka bila kubisha. Mjomba alileta rafiki zake. Aliyeilinda eda ya Bibi kuliko wote ni yule aliyesema dini hana.

Ikawa desturi. Sahani inakwenda, sahani inarudi. Kisha yakaanza mazungumzo, na hayo yalinitoa jasho. Yeye anasimama korido, Bibi nyuma ya mlango ulioegeshwa, na mimi kati, mlango nimeushika.

"Komredi mdogo, mwambie bibi yako mchicha huu aoshe mara mbili, mji huu una masizi."

"Mwambie," Bibi akasema kutoka ndani, "mimi naosha mchicha tangu yeye hajajua kusoma."

"Mwambie nilijua kusoma mapema."

"Mwambie ndiyo maana hajui kupika."

Nikawaambia wote mnasikiana, mimi naondoka. Wote wawili, kwa pamoja, wakaniambia nisimame nilipo.

Ilikuwa katika siku hizo za eda ndipo Bibi aliponipa kipande chake. Tulikuwa tunachambua kunde za Komredi. Nikasema, Bibi, unampelekea chakula mtu aliyekufungia ndani na bunduki, mimi sielewi.

Hakuacha kuchambua. "Babu yako alikuwa juu dirishani. Mimi nilikuwa chini, nyuma ya mlango, nachungulia kwenye ufa. Kutwa nzima sikumuona uso. Nilimuona mgongo. Shati limemganda kwa jasho."

"Kwa hiyo alikuwa anaangalia nje."

"Mgongo ukiwa kwangu, uso utakuwa wapi?"

"Na watu walikuja?"

"Walikuja. Makundi, na mapanga mkononi. Wakazungumza naye, wakapiga kelele, wakaondoka."

Nikaacha kunde. "Babu ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Aliniuliza, na nyumba iko wapi?" Bibi akatikisa bakuli. "Na nyumba kweli haipo."

Nikakaa na mgongo huo kichwani wiki nzima, sijui niuweke wapi. Ukiuweka upande wa wema, masanduku ya Babu yanakutazama. Ukiuweka upande mwengine, haukai. Nilimwendea Komredi nikamwambia, Bibi ameniambia kuhusu mgongo. Akauliza mgongo wa nani. Nikamwambia wako. Akasema unamuuma, baridi hii.

Eda ikaisha, wakaanza kuonana usoni, na cha ajabu wakawa na haya. Walisalimiana kwenye lifti kama watoto wa skuli, na Bibi akawa anaangalia namba za ghorofa. Ramadhani ikaingia. Sahani ikawa ya futari kila siku: muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Siku moja niliipeleka mapema, nikaingia kuweka mezani, nikakaa. Yeye akakaa mbele ya sahani na kiti chake, mikono magotini, haigusi. Nikamwambia kula, Komredi, wewe hufungi. Redio yake ikatoa adhana, naye akachukua tende.

"Kumbe umefunga?"

"Nimesubiri."

"Kusubiri na kufunga vina tofauti gani?"

"Bibi yako amepika na njaa yake," akasema. "Nianze mimi kabla yake? Kazi kafanya nani?"

Nilirudi nikamuuliza Bibi, je, mtu akiacha kula kutwa kwa sababu ya mpishi, ile ni saumu? Bibi akasema hayo wanayajua wenyewe huko juu, nisimsumbue.

Mwaka uliofuata akaanza kuugua. Kifua, kisha miguu. Alilazwa, akarudi, akalazwa tena. Muuguzi alipomuuliza dini yake, Mama akiwa pale pembeni, akasema hana, akarudia ili asikike vizuri. Na hapo ndipo khofu ilipoingia kwetu. Kwa sababu hana mke, hana mtoto, hana ndugu mji huu. Mtu kama huyo akifa asipopata mwenyewe wa kumzika, kaunsili inamchukua, na mara nyingi inamchoma. Bibi alipolisikia neno hilo kwa Mama aliweka kisu chini.

"Hawamchomi," akasema.

Lakini kuna Katibu wa chama chetu cha maziko. Chama hiki ndicho kinachotuzika sote, ndicho kilichomzika Babu, na Katibu si mtu mbaya. Ana lori dogo, anaacha kazi yake anakwenda kuosha maiti za watu asiowajua. Lakini alimwambia Bibi kwenye simu, na mimi nilikuwa nasikia: "Bi Mkubwa, mtu kasema mwenyewe mbele ya watu, miaka, kwamba si mwenzetu. Nitamsalia vipi? Wanachama wataniuliza. Mimi nitakuja kumuona, atamke kwa mdomo wake. Neno moja tu."

Bibi akanituma mimi nimpeleleze kwanza. Nikaenda. Komredi alikuwa kitandani, tumeshamhamishia kitanda sebuleni, chini ya yule mzee mwenye ndevu. Mimi kuzunguka sijui. Nikamuuliza, "Unataka kuchomwa?"

"Bibi yako anasemaje?"

"Anasema hapana."

"Basi unaniuliza mimi kwa nini?"

"Kwa sababu Katibu anataka neno lako! Neno moja. Sema tu, yaishe."

"Nikisema kwa sababu ya kaburi," akasema, "nitakuwa nimedanganya watu wawili. Sitaki kumdanganya Katibu. Ni mtu anayefanya kazi."

"Wa pili nani?"

Akafumba macho. Nikamtikisa kidogo, nikasema Komredi, wa pili nani, Mungu au wewe? Alikuwa amelala, au alijifanya.

Ramadhani nyengine ikaingia na yeye yuko vile. Daktari alimkataza hata kufikiri kufunga, na alikuwa anakula mchana, uji, vijiko viwili vitatu. Lakini futari hakuigusa mpaka adhana. Bibi sasa alikuwa anavuka korido mwenyewe na trei yake, na mimi nyuma na chupa ya chai, tunafuturu kwake watatu. Kumsaidia kukaa ilikuwa kazi yangu. Bibi anampangia tende.

Jioni moja, dakika chache kabla ya magharibi, mlango ukagongwa. Nikachungulia kwenye tundu. Katibu, na wazee wawili wa kamati, kanzu na makoti, wamepanda ngazi kwa sababu lifti imeharibika na anayeipigania yuko kitandani. Walikuwa wanahema.

Nikasema ni Katibu. Komredi akanitazama, kisha akatazama ukuta. Sikuwahi kumuona na uso ule. Nilidhani atakasirika, atatoa hotuba. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyesimama foleni ndefu akafika mbele na sasa anatakiwa kuonyesha kitu asichokuwa nacho.

Bibi akafuta mikono kwenye kanga. Akaenda akafungua, akasimama pale katikati ya mlango, akashika mbao huku na huku. Bibi ni mfupi, wale waliweza kuona sebule yote juu ya kichwa chake, lakini hakuna aliyesogea.

Katibu akasalimia kwa adabu. Akasema wamekuja kumtazama mgonjwa na kumuuliza lile jambo.

"Kumtazama mmemtazama," Bibi akasema. "Hajambo kidogo."

"Na lile jambo, Bi Mkubwa?"

"Mgonjwa anasubiri adhana."

Mzee mmoja akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Kwani anafunga?"

"Nimesema anasubiri. Na nyinyi mmefunga?"

Wakasema wamefunga, vipi wasifunge. Na hapo redio ya Komredi, ileile ya siku zote, ikaanza kuadhini. Bibi hakugeuka. Akaniambia, bila kugeuka, "Mtoto, lete trei."

Nikaiangalia trei. Ilikuwa futari ya Komredi. Nikamwangalia yeye, alishachukua tende moja, ameishika. Akanipa ishara kwa kidevu: nenda. Nikaipeleka, nikaipitisha chini ya mkono wa Bibi. Wale wanaume wametoka kazini, wamepanda ghorofa saba na kiu. Adhana inalia. Tende ziko mbele yao. Wakachukua, wakasema bismillahi, wakala wamesimama kwenye korido, na Katibu akanywa maji kwa kikombe cha Komredi chenye picha ya ngumi.

Bibi akawaacha wakameza.

"Mmefuturu kwake," akasema. "Tende zake, maji yake, mlangoni kwake. Sasa, Katibu, unataka nikupishe uingie umuulize yeye ni nani?"

Katibu alikuwa na kokwa ya tende mkononi na hajui aitupe wapi. Alitazama juu ya kichwa cha Bibi, ndani, moja kwa moja kwa Komredi. Sijui aliona nini. Mimi niliona mzee anatafuna tende pole pole, kofia ya kiua kichwani, kwa sababu nimesahau kusema kwamba ilikuwa Ijumaa.

"Siku ikifika," Katibu akasema, "nipigie simu mimi mwenyewe. Usimpigie mtu mwengine."

Wakashuka ngazi. Tulisikia viatu vyao mpaka chini. Bibi hakuondoka mlangoni. Kama alikuwa anahakikisha, au miguu imekufa ganzi, sijui, alibaki vilevile, mikono kwenye mbao, uso koridoni, mgongo kwetu, na kanga imemganda mabegani kwa moto wa jikoni.

Komredi aliutazama mgongo ule muda mrefu. Kisha akanigusa mkono.

"Mpelekee kiti," akasema. "Ataumwa na miguu. Mimi siku ile nilikuwa kijana."

Nikaenda kuchukua kiti cha plastiki cha jikoni.

"Sio hicho," akasema. "Changu."